Mkia Aliouchagua Baba

Ujerumani,
Novemba, baridi imeshaingia.

Kaka Severin,

Shikamoo. Naiandika shikamoo hii kwa sababu mama atakuuliza kama nimekuamkia, na wewe hujawahi kuweza kumdanganya mama akiwa anakutazama. Basi mwambie nimekuamkia. Mimi ni mzima. Natumaini na ninyi hapo Kibosho ni wazima, goti la mama limetulia, shemeji Genoveva hajambo, na upepo haujaangusha migomba ya upande wa mfereji. Habari za kahawa siulizi. Nimesikia umeing'oa.

Sister Felister amefika salama masomoni. Jumapili alinitembelea na kifurushi cha kahawa aliyoikaanga mama mwenyewe, kutoka ile miti michache uliyomwachia nyuma ya jiko. Nilifurahi mno kumwona, mtoto wa shangazi yetu na shela lake jeupe katikati ya chumba changu hiki chenye dirisha moja. Tulikunywa kahawa, tukasema Kichagga mpaka ulimi ukalainika. Halafu akaanza kuchezea rozari. Nikajua kuna jambo.

"Kaka, nilikuwa na mzigo wako mwingine," akasema. "Kaka Severin alinipa isale nikuletee."

Niliweka kikombe chini.

"Nililifunga kwenye kitambaa kilicholowa ili lifike bichi. Uwanja wa ndege wakafungua begi. Yule askari akavaa glavu, kaka, glavu, kama ameona nyoka. Nikamwambia hili ni la msamaha, linaenda kwa ndugu yangu. Akasema majani ya nje hayaruhusiwi. Akalitupa kwenye pipa." Machozi yalikuwa yanamlengalenga. "Mae! Nilisimama pale mpaka wakanifukuza."

Nilimuuliza isale lilikuwa la nini. Akasema na yeye alikuuliza hivyo hivyo, ukamjibu, "Mwambie yaishe tu. Yeye anajua."

Severin, yaishe yapi? Hata kuyataja kumekushinda? Mtu anakwenda kwenye masale yanayozunguka kaburi la baba yake, anakata jani, anamkabidhi mtawa alivushe bara zima, halafu hawezi kusema ameomba msamaha wa kitu gani. Haya, nitakisema mimi.

Unalikumbuka Mbayuwayu lilivyokuwa. Baba ndiye aliyelipa jina, kwa ajili ya lile paa lililoanzia juu ya kioo cha mbele likateremka bila kukatika mpaka nyuma. Gari la milango miwili. Yule mzungu mwenye shamba la kahawa alipofungasha na kuondoka, alimwachia baba gari hilo badala ya kiinua mgongo, injini yake ikiwa imekufa, na baba akaja nalo nyumbani likivutwa na trekta, yeye ameshika usukani, amevaa kofia, watu wamejipanga njiani wanacheka. Miaka yote aliyomwendesha yule mtu, hakuwahi kukaa kiti kingine. Wewe ulikuwepo jioni aliposema, mbele ya kata la pombe ya mbege, kwamba hataki kuliendesha. Anataka injini ipone ili siku moja akae kiti cha abiria, ashushwe mjini na mwanawe, arudi, basi. "Na mimi niendeshwe," alisema. Wazee wote walicheka. Mimi sikucheka.

Halafu tawi la mgrivea likaliangukia nyuma. Bati lote la mkia likabonyea, na bati la aina ile halikuwepo Moshi, wala Arusha, wala Nairobi. Wakati huo nilikuwa nafunga bodi za mabasi pale karakana ya mjini. Nikasema kama bati la mkia halipatikani, tutatengeneza mkia mwingine. Nilipasua mifuko ya simenti, nikageuza upande wa ndani, nikachora kwa penseli ya seremala. Mkia wa kwanza ulikuwa wa duara, ule ule wa zamani. Wa pili niliukata wima, paa linashuka halafu linaishia ghafla, taa mbili ndogo kila upande. Wa tatu ulikuwa mrefu, na mapezi kama ya samaki, maana nilikuwa kijana na nilipenda makeke.

Baba alizitandaza sakafuni karatasi zote tatu, akakanyagia pembe kwa vikombe. Alizunguka, akainama, akazunguka tena. Mama akamwambia chakula kinapoa.

"Huu uliokatwa," akasema mwisho.

"Baba, huo wa kwanza ndio unaofanana na wenyewe."

"Ndiyo maana siutaki. Ule alikuwa nao mzungu. Huu ni wa kwangu."

Aliubandika kwa ugali kwenye mlango wa chumba chake, na mkia huo ndio nilioondoka nao kichwani. Alipofariki na tukamzika kihambani, kati ya migomba ya nyumbani, mimi kitinda mimba nikabaki na nyumba yake na vilivyomo uani, wewe mkubwa ulikwisha kupata shamba lako la chini. Ndiyo desturi, hakuna aliyekudhulumu. Nilikuja huku kutafuta vipuri na bati, hilo unalijua, maana ni wewe uliyenisindikiza mpaka stendi. Nilikuachia ufunguo wa banda. Neno nililokuambia lilikuwa moja, usiruhusu mvua iliguse.

Mvua haikuligusa. Uliligusa wewe.

Najua kahawa ilikuwa haiuziki. Najua vijana wote walikuwa wanakimbilia mpakani Holili, kila mwenye matairi manne alikuwa mfanyabiashara, anapeleka ndizi anarudi na mali ya Kenya. Hayo yote shemeji aliniandikia kwa upole wake, na kama ungeniandikia wewe mwenyewe, kabla, kwamba watoto wanalala njaa na unataka kulikata, ningelia halafu ningekuambia likate. Nisingekuacha tu, ningekueleza pa kukata. Gari la aina ile, Severin, paa ndilo linaloshika mgongo wake. Ukiliondoa bila kuwekea chuma chini ya milango, tumbo linashuka. Fundi yeyote wa bodi pale mjini angekuambia. Lakini wewe ulileta msumeno na mchomeleaji wa mageti, mkaondoa paa, mkaondoa mkia uliobonyea, mkapachika mbao, mkatia injini ya mtumba, mkaliita pikapu. Likapakia ndizi. Kabla ya kufika Himo likakunjika katikati na mikungu ikamwagika barabarani. Likarudishwa nyumbani kwa kuvutwa, mara ya pili katika maisha yake, na safari hii hakuna aliyevaa kofia.

Nilizisikia habari hizo nikiwa nimeshapata bati. Bado ninalo. Liko chini ya kitanda ninachoandikia barua hii.

Sasa nikuambie kazi ninayofanya, maana hujawahi kuniuliza. Ninalinda makumbusho ya magari. Ninasimama. Ndiyo kazi, kusimama na kuwaambia watu wasishike. Nilipofika walinipanga ghorofa ya chini kwenye matrekta, na mwaka huu wakanipandisha chumba cha michoro. Siku ya kwanza nilipoingia nililiona Mbayuwayu, Severin. Lenyewe, la rangi ya maziwa, juu ya jukwaa, limezungushiwa kamba. Huku usukani uko kushoto, kwa hiyo pale ambapo baba angekaa pana usukani. Nilililia mbele ya wageni, na mgeni mmoja mama mtu mzima akanipa leso ya karatasi.

Ukutani, kulizunguka gari, kuna michoro ya mwanzo kabisa, ya kabla halijawa gari. Wachoraji walihangaika nalo. Kuna mmoja amelipa paa la kukaa wima kama gari la mazishi. Kuna mwingine amelipa taa za mbele zilizofumba. Na kuna mmoja, ninaapa kwa kaburi unalolijua, ameukata mkia wima, paa linashuka halafu linaishia ghafla, taa mbili ndogo kila upande. Mkia wa baba. Mtu ambaye hajawahi kuiona Kibosho, na hata mimi sikuwa nimezaliwa, alikaa kwenye meza yake akaufikiria mkia wa baba. Nilimwita baba kwa sauti, kwa Kichagga, "Meku, njoo uone."

Mturuki ninayepangwa naye zamu akaniuliza naongea na nani. Nikamwuliza kwa nini hawakulitengeneza hivyo.

"Michoro hii yote ilikataliwa," akasema.

"Imekataliwa na bado imewekewa vioo?"

"Ndiyo. Hapa hata lililokataliwa lina taa yake na mlinzi wake. Mlinzi ni wewe."

Ningeishia hapo ningekuwa na raha. Lakini kando ya mkia wa baba kuna mchoro mwingine, mdogo, wa penseli tupu. Gari ni lile lile, ila nyuma ya milango hakuna paa. Kuna bodi ya wazi ya mizigo. Pikapu, Severin! Kuna mzungu aliyewahi kuwaza ulichokifanya. Nilikasirika siku hiyo nikashindwa hata kula, kwa sababu kwa muda wote huo nilikuwa nimejipa faraja moja tu, kwamba wazo lile lisingeweza kuingia katika kichwa cha mtu mwingine yeyote duniani zaidi ya chako.

Nimeuangalia mchoro huo kila siku ya zamu yangu. Chini ya mlango yule mtu amepiga mstari mnene, ameurudia na kuurudia mpaka karatasi imeng'aa. Ni kile chuma. Alijua tumbo litashuka. Akachora, wenzake wakamkatalia, akaenda kula chakula cha mchana, na gari halikuumia hata kidogo. Wewe hukuchora, Severin. Hukuuliza mtu. Uliona gari la baba uani ukaona matairi tu. Njaa naielewa, hata kosa naweza kulielewa, ila kutokuuliza kwako ndiko kunakoniuma mpaka leo. Sisi watu wa kwetu tunaulizana hata kukata mgomba wa mpakani.

Sasa isale. Mila naijua kama unavyoijua. Aliyeletewa isale hakatai, hata kama kidonda bado kibichi, na mama amemwagiza Sister aniambie kwamba Krismasi hii hatachinjiwa mbuzi wala hataonja mbege kama sisi wawili hatutakaa mkeka mmoja. Amesema amechoka kuwapikia wanawe kwa zamu. Anazeeka, Severin, na anatumia neno hilo moja tu alilonalo juu yetu. Lakini jani lililoishia kwenye pipa la uwanja wa ndege, limeletwa au halikuletwa? Nimelizungusha swali hilo zamu nzima. Nikikataa, ninakataa kitu ambacho sikukabidhiwa. Nikipokea, napokea hewa. Mwisho nimeona afadhali lilivyotupwa. Lingefika ningelipokea hapa peke yangu, na wewe ungeendelea kukaa huko bila kusema neno, ukidhani yamekwisha.

Nimepata likizo. Nitakuwa nyumbani kabla ya mkesha. Bati sitakuja nalo, halina tena pa kukaa. Usinipokee kwa maneno mengi, usinichinjie, usiwaite wazee watuzunguke na kututolea hotuba. Sijakusamehe bado, nakuambia mapema ili usije ukasoma uso wangu vibaya. Nitakusalimia kwa sababu ya mama.

Mwambie mama kahawa yake nainywa kidogo kidogo isiishe, na ile karatasi ya simenti iliyo kwenye mlango wa baba asiruhusu mtu aibandue. Msalimie shemeji Genoveva, ambaye ndiye pekee aliyeniandikia ukweli, usimgombeze kwa hilo. Msalimie shangazi, mwambie binti yake anavaa masweta mawili na hajakonda. Msalimie yule fundi wa bodi aliyenifundisha kazi kule mjini, ukipita, ingawa najua huwa hupiti.

Sister anasema kuku wanatagia ndani ya kile kilichobaki cha Mbayuwayu. Waondoe. Futa kiti cha abiria, kifute vizuri, na shemeji atandike kitenge safi. Nitakapofika nitamshika mama mkono, nitamkalisha hapo. Wewe utaingia upande wa usukani na isale bichi mkononi, na mimi nitasimama nje, mlangoni, kama ninavyosimama huku. Utamwambia mama, kwa mdomo wako, ulilifanya nini gari la baba. Ukimaliza kusema, ndipo nitanyoosha mkono nilipokee.

Mdogo wako,
Aloyce