Mifupa ya Levi Moffat

Bellevue, Johannesburg
4 Machi 2025

Mama mpendwa,

Shikamoo. Goti limepata nafuu? Sisi tu wazima, mvua tu zimezidi.

Juzi mama mmoja wa kizungu, Jennifer Moffat, alinifuata chuoni Braamfontein. Anasema baba yako, Levi, hakutoroka. Alikuwa mpiga bunduki wa nyuma kwenye ndege ya mabomu, ikadunguliwa Poland mwaka 1944. Sasa imechimbuliwa matopeni na mifupa ya watu ndani. Levi ni baba yake mdogo. Jina lako amelikuta kwenye barua za Levi, parokia ya Kilema ikamwelekeza kwangu. Anaomba upimwe mate, ijulikane mifupa ipi ni ya Levi. Nimjibuje?

Mwanao,
Cecilia

Kilema
19 Machi 2025

Mwanangu,

Marahaba. Goti ni lilelile, ila kanisani nafika.

Huyo mama simwamini. Miaka themanini hawakunitafuta, leo wanataka mate yangu? Kama Levi ni baba yake mdogo, si apime ya kwake?

Mama yangu Hyasinta alisema mumewe amekwenda vitani. Watu walimcheka mpaka anakufa, kwamba yule mzungu fundi wa malori amemkimbia. Nami niliwaamini watu. Muulize anaficha nini. Usisaini kitu.

Mama yako

Bellevue
2 Aprili 2025

Mama,

Shikamoo. Natumaini umeamka salama.

Jennifer alinipa fomu ya kipimo uisaini. Obadia, yule wakili Mkenya tunayesali naye, akaonyesha mstari mmoja: ukisaini, hutadai chochote cha ukoo wa Moffat. Nikaenda kwa Jennifer kuirudisha, nikamuuliza kwa nini hapimi mate yake. Aliipokea ile fomu. Kisha akasema, "Mimi nililelewa tu na akina Moffat. Sina damu yao, na nduguze Levi wote wamekwisha."

Aliogopa kwamba ukitokea wewe, yeye atakuwa nani. Akaufuta ule mstari kwa kalamu mbele yangu. Bado nina wasiwasi naye. Amua wewe.

Mwanao,
Cecilia

Kilema
11 Agosti 2025

Mwanangu Cecilia,

Hujambo? Wajukuu hawajambo? Usininunie kwa kimya changu. Nilipima bila kukuambia, nesi akanisaidia kutuma Poland. Nilitaka majibu yakiwa mabaya yaishie kwangu.

Jana yamefika. Ni yeye. Walimkuta mkiani mwa ndege, kwenye kiti chake.

Nililia, lakini si kwa ajili yake, maana simjui. Nililia kwa ajili ya mama, aliyesema kweli nami sikumsadiki.

Jennifer ameandika kwamba wataweka jiwe la ukumbusho huko Johannesburg. Nenda ukalisome mwenyewe kwanza. Bado simwamini sana.

Leo asubuhi nimekwenda kuandikisha misa. Katekista akaandika jina, akauliza marehemu ni nani kwangu. Nikasema, "Ni baba yangu." Hakusikia vizuri, akaniomba nirudie. Nikarudia.

Mama yako,
Leokadia