Maneno Yaliyompotea Kaka Yako

Nyumba za Wafanyakazi,
Nyuma ya Maktaba ya Chuo.
Jumapili, 12 Machi.

Mpendwa wifi yangu,

Pokea salamu zetu. Mgongo wako unaendeleaje? Nasikia mapacha sasa wanakupita kimo. Wabusu hata wakikimbia. Mimi mwili mzima, moyo ndio umechoka, na haya siwezi kuyasema kwenye simu bila kulia.

Tangu kaka yako apatwe na kiharusi kazini, mkono umeanza kurudi, anashika kikombe mwenyewe. Maneno ndiyo hayajarudi. Akitaka maji anasema "dirisha," anajua amekosea, anakunja uso. Juzi nikimfunga vifungo vya shati aliniambia, "Asante, nesi." Nilimalizia vifungo, nikaenda jikoni kufungulia bomba asinisikie.

Unakumbuka alivyokuwa akituchosha mezani na programu aliyoiundia maktaba, ya kutafutia vitabu na makala? Mwanafunzi aandike nusu neno, tena kwa makosa, na kitabu kije. Na kazi yote aliiweka wazi mtandaoni, chuo chochote kiichukue na kuirekebisha kipendavyo. Mama akamwita Bwana Bure, naye akalipenda jina.

Basi mkutubi mkuu alikuja kututembelea. Alikaa ukingoni mwa kochi, akazungukazunguka kwa maneno, mwisho akasema chuo kitahamia mfumo wa kampuni, maana hakuna aliyebaki wa kuutunza wetu. Utazimwa muhula ukiisha. Sikuweza kumlaumu, mtu mzima alikuwa anafuta macho. Kaka yako alisikia yote, akageukia ukutani. Siku hiyo hakula.

Siku chache baadaye ikaja barua pepe ya mama mmoja, mkutubi wa chuo kidogo cha ualimu, mbali sana, hatumjui. Wanafunzi wake wanatafuta vitabu kwa lugha yao, na mifumo ya kununua haiielewi. Yeye na wenzake walikuwa wameshaichukua programu ya kaka yako na kuifundisha lugha hiyo. Sasa waliomba kuiendeleza kwa jina lilelile. Ruhusa hawakuihitaji, ila walikuwa na adabu ya kuomba.

Nilimsomea polepole. Midomo ikacheza, likatoka neno lisilo lake, akatikisa kichwa. Likatoka jingine. Nikamwambia apumzike, tutajibu kesho. Akanishika kifundo cha mkono kwa ule mkono dhaifu.

"Wape," akasema, safi kabisa. "Wape wote."

Nimewaandikia. Chuo chao sasa kinaitumia, na chetu kitaizima. Tangu hapo hajasema jingine la kueleweka, na daktari haniahidi kitu. Ukipata ruhusa kazini, njoo wifi. Uso wako bado anaujua. Nikimwonyesha picha yako anaigusa shavuni.

Msalimie shemeji, na shangazi umwambie dawa zake zilifika. Mungu akulinde huko uliko, na atukutanishe kaka yako angalipo.

Ni mimi wifi yako, nikupendaye kama dada wa tumbo moja,

Mke wa Bwana Bure