Kibao cha Hamsini Mbele ya Shule

Likombe,
Mtwara.
30 Novemba 2008

Mpendwa mdogo wangu Thabiti,

Assalaam alaykum. Hujambo, na wifi yangu Husna hajambo? Baridi ya Bukoba mmeizoea, au bado mnalala na masweta? Mimi namshukuru Mungu, ni mzima. Ila goti la kushoto linanisumbua nikiinuka kwenye mswala. Nimekupigia simu mara nyingi, naambiwa hupatikani. Nimeona bora niandike, maana nina jambo refu, na hapa sina wa kumwambia.

Tangu shemeji yako Selemani afariki, huu ni mwaka wa tatu, nyumba imekuwa kubwa. Mwanangu Shafii yuko Dar na kazi zake, hupiga simu sikukuu kwa sikukuu. Nikishamaliza kufagia, nakaa barazani. Unaijua baraza yetu, inatazama barabara ya lami na geti la shule ya msingi.

Mwezi Machi, Zainabu, binti wa jirani yetu Mwanaisha, aligongwa na gari hapo mbele. Yuko darasa la pili. Mimi ndiye niliyekimbia nikampakata mpaka mama yake akafika. Alivunjika mguu, na hadi leo anachechemea kidogo. Baba yake alimalizana na mwenye gari, kesi haikufika popote.

Baada ya hapo wazazi walihangaika, kina mama wakiwa mbele, na mimi nilikwenda nao. Tukawekewa vibao viwili vya mwendo wa hamsini, kimoja kila upande wa shule. Trafiki nao wakaanza kuja na ile mashine ya kupimia mwendo, madereva wanaiita tochi. Askari mmoja anakaa nayo nyuma ya mkorosho, mwenzake anasimamisha magari mbele. Magari yakapunguza mwendo kweli, tukapumua.

Sasa sikiliza. Jumatatu ya kwanza baada ya Idi, lori la korosho lilirudi nyuma ligeuze, likaugonga mlingoti wa kibao cha upande wa bondeni. Kibao kikalala majanini. Kesho yake watu wa vyuma chakavu wakakipakia kwenye mkokoteni, wakaenda zao. Alhamisi trafiki walikuja na tochi yao kama kawaida, wakawakamata wanaotoka upande uleule usio na kibao.

Mmoja wa waliokamatwa ni Mikaeli, Mmakonde wa Nanyamba, ana pikapu ya kubeba mihogo. Njia hii alikuwa haijui. Wenzake walilipa faini wakaondoka, yeye akakataa, akapelekwa mahakamani. Kabla ya siku ya kesi alipita nyumba kwa nyumba akitafuta mtu wa kusema kibao hakikuwepo. Kila mlango aliambiwa hawajui. Alipofika kwangu nami nikamwambia sijui.

Akasema, "Mama, mimi sikatai kwamba nilikimbia. Ningeona kibao ningepunguza, nami nina watoto. Kwani kilianguka lini?"

"Jumatatu," nikamjibu, kabla sijafikiri.

Thabiti, usiku wa kuamkia kesi nilitamani ulimi wangu ungekatika. Nilimwona Zainabu mapajani mwangu. Tena nikawaza, yule mtu anatozwa kwa kuvunja amri ambayo hakuna aliyemwonyesha. Asubuhi nikavaa baibui nikaenda.

Hakimu alikuwa mwanamke, mpole. Akaniuliza, "Mama, unakumbukaje kwamba ilikuwa Jumatatu? Mtu hapiti mbele ya kibao kila siku akakikagua."

Nikamwambia, "Mheshimiwa, mimi nilicho nacho cha kukagua ni hicho tu. Mume wangu alifariki. Nakaa barazani tangu asubuhi hadi adhuhuri. Najua gari gani limepita na gani halikupita leo. Nyumbani sina mtu wa kuzungumza naye."

Nyuma yangu mtu alicheka. Hakimu hakucheka, aliandika. Mimi niliona aibu kama niliyevuliwa mtandio mbele ya watu. Upweke nilikuwa nauficha hata kwako, siku hiyo nikautaja mbele ya askari na makarani.

Mikaeli akaachiwa. Trafiki nao hawakurudi, walisema hawawezi kupima pasipo kibao. Kufumba na kufumbua magari yakarudia mbio zake.

Hapo ndipo nilipojua kukaa peke yangu ni nini, maana kabla ya hapo nilikuwa naletewa salamu. Nikifika bombani mazungumzo yanakatika. Palikuwa na hitima nyumba ya tatu kutoka kwangu, hakuna aliyeniita hata kuchambua mchele. Mwanaisha akiniona anageuza uso. Kuna aliyesema nimemuuza mtoto wa watu kwa ajili ya dereva nisiyemjua.

Nilikwenda ofisi ya barabara kuomba kibao kingine, mara nne. Mara ya kwanza faili halionekani, mara ya pili mhusika yuko safarini, mara ya tatu bajeti. Kila saa moja asubuhi na watoto wanapotoka, nilisimama ukingoni mwa lami na kanga nyekundu mkononi, nikawasimamishia magari. Madereva wengine walinitukana. Watoto walivuka wakiniamkia, mama zao wakiwa ng'ambo wanatazama kwingine.

Mara ya nne nilipokwenda, karani wa ofisi hiyo alinikuta nimekaa mlangoni kabla hajafungua. Wiki mbili zilizopita walikuja mafundi wakasimika vibao vyote viwili upya, vikubwa, na mguu wa zege. Trafiki wamerudi, sasa wanakaa mahali pa wazi. Anayekamatwa analipa, hana la kubishia.

Nilidhani watu watalainika. Hawajalainika sana. Ila juzi Alhamisi, baada ya adhuhuri, Mwanaisha alikuja. Alisimama chini ya baraza, hakuvua viatu.

"Bi Sabra," akasema, "siku ile Zainabu alipogongwa, wewe ulikuwa umekaa hapa?"

"Nilikuwa hapa."

"Baba yake kaambiwa na mwenye gari kwamba mtoto alikurupuka. Nami nikamwamini. Kila akikosea kitu namkumbusha kwamba mguu wake ni kwa utundu wake. Nimemwambia hivyo miezi minane. Wewe uliona nini? Niambie kama ulivyomwambia hakimu."

Nikamwambia nilichokiona. Mtoto alisimama. Alitazama kulia, akatazama kushoto, gari likiwa mbali. Alikuwa amefika katikati wakati lilipomfikia, na halikupunguza hata kidogo.

"Mbona hukusema?"

"Hukuniuliza. Nilidhani unajua. Na mumeo alishamalizana nao, nikaona si langu. Hapo nimekukosea, mwanangu."

Mwanaisha akavua viatu, akapanda, akakaa kwenye mkeka wangu. Hakulia. Alikaa na mkono shavuni mpaka kengele ya shule ikalia. Akashuka, akaenda getini kumngojea binti yake. Niliwaona wakivuka. Alikuwa ameinama anamwambia kitu, na mtoto amesimama katikati ya barabara anamtazama mama yake, mpaka gari likabidi lisimame kuwangoja.

Tangu siku hiyo hajarudi. Lakini mkeka sijaukunja.

Nisalimie wifi Husna na wanangu wote. Kaka Hemedi wa Mikindani anakusalimu, alipita mwezi uliopita. Ukipata nafasi niandikie, hata kama huna habari: niambie umekula nini, mvua imenyesha saa ngapi. Mwenyezi Mungu akulinde barabarani na nyumbani, na atukutanishe tukiwa na macho ya kuonana.

Ni mimi dada yako akupendaye,

Sabra