Wimbo wa Chuo Umepatikana Kalenga

Shikamoo, Mama yangu. Baridi ya huku Iringa ni kama ya kwetu Mbeya, ila leo wala sijaisikia kwa furaha!

Kamati ya jubilei ya chuo chetu ilinituma Kalenga kumrekodi Bibi Skolastika, mmoja wa wahitimu wa kwanza, aliyetunga wimbo wa chuo. Ubeti wa pili hakuna tena anayeukumbuka. Alinikaribisha viazi vya moto na maharage, lakini kuimba akakataa. “Tangu mzee wangu afariki, sijaimba.”

Sikumlazimisha. Nikiwa nafunga begi nikajiimbia ubeti wa kwanza, nikaukosea. Akashtuka: “We mwanangu, unauharibu!” Akasimama akauimba wimbo wote, sauti ikitetemeka mwanzoni, kisha ikakaa sawa. Majirani waliokuwa wakipukuchua mahindi wakaja kusikiliza. Mama, nililia huku nimeshika kinasa sauti!

Akaniambia, “Kawaambie, siku ya sherehe kwaya isianze kabla sijafika.”

Andaa kitenge chako kizuri, Mama. Siku hiyo nataka ukae nami mbele kabisa, umsikie mwenyewe. Mungu akutunze.

Mwanao akupendaye,
Neema