Ukweni Kila Mtu Anaiona Tovuti Yake

Mpendwa mshauri,

Nisaidie kabla Jumamosi haijafika, maana mimi ni fundi wa tovuti, nimeoa kwenye familia yenye karakana ya vitanda, na baba mkwe aliponiita sebuleni akaniambia, "Mkwe, tutengenezee tovuti ya lugha tatu, Kiswahili, Kiingereza na Kifaransa, wateja wetu wako pande zote za mpaka," mimi nikajibu, "Hilo dogo, mzee," kumbe hilo dogo ndilo linalotaka kunivunjia ndoa.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu, ugomvi ulikuwa kwenye anwani. Baba mkwe anataka jina moja la tovuti, ukilifungua ukute Kiingereza, eti ndicho cha biashara, halafu lugha nyingine zifungwe mkia mwishoni mwa anwani, /sw na /fr. Mama mkwe akauliza kwa nini Kiswahili ndicho kifungwe mkia, kwani ni mtoto wa kufikia, na yeye ndiye aliyeuza vitanda vya kwanza kwa Kiswahili hicho hicho wakati mzee bado anajifunza kushika randa. Shemeji, kaka wa mke wangu anayesimamia duka la ng'ambo ya mpaka, yeye hataki mkia wa mtu, anataka Kifaransa kiwe na jina lake kamili na tovuti ya peke yake, "ili wateja wangu wasijione wageni kwenye nyumba ya watu."

Sasa mshauri, mimi kusema hapana sijui, na ukweni ndiyo kabisa, kwa hiyo nikafanya ujanja, nikaifundisha tovuti itambue simu ya kila mmoja wao: mzee akifungua anakuta Kiingereza mbele, mama akifungua anakuta Kiswahili kimetulia mbele bila mkia wowote, shemeji akifungua jina la tovuti alilokwenda kulinunua mwenyewe anaona Kifaransa kimesimama peke yake, na wateja wote waliobaki nikaiachia tovuti iwakisie, itazame mtu yuko wapi na simu yake ina lugha gani, impe chochote, wote kwenye anwani ile ile. Kila mmoja akanishukuru kwa siri. Mama mkwe akaniambia, "Mwanangu, nilijua utanielewa, ila usimwambie mzee kwamba umenifuata mimi," na mzee naye akaniambia hivyo hivyo, na tangu siku hiyo nikienda pale napakuliwa minofu mitupu.

Basi juzijuzi matroni wa shule moja ya bweni akaona vitanda vyetu vya dabodeka, vile vya ghorofa, kwa Kiswahili, akavipenda, akamtumia mkuu wa shule anwani ya ukurasa, mkuu akaifungua kwenye kompyuta ya ofisini, tovuti ikakisia vibaya, kikatokea Kifaransa, tena ukurasa wa mbele wenye kitanda cha maharusi, akamwita matroni na kumwuliza kwa ukali anataka kuigeuza shule kuwa nini. Wakanunua kwingine. Matroni alipiga simu karakanani kulalamika, bahati nzuri nilipokea mimi. Na ukitafuta vitanda vyetu mtandaoni kwa Kiswahili hatuonekani kabisa, mzee ameanza kusema biashara ya mtandao ni uzushi na mafundi wawili aliowaongeza atawapunguza.

Mke wangu hajui lolote, ila alisema, "Mwanaume anayesifiwa na familia yangu nzima lazima ana kitu anaficha." Na Jumamosi ukoo wote umealikwa karakanani, projekta imeshakodiwa, mzee anaizindua tovuti ukutani, ukuta mmoja, mshauri! Nichague muundo gani wa anwani, na je, nikisema projekta imeungua itakuwa dhambi?

Mkwe Kipenzi

* * *

Mkwe Kipenzi,

Pole, na projekta ya watu usiiguse.

Nimecheka mpaka machozi, kisha nikamfikiria yule matroni aliyesimamishwa ofisini kujibu mashtaka ya kitanda cha maharusi, nikaacha kucheka. Na usidhani mimi ni wa ndoa tu na kwamba mambo ya anwani hayanihusu. Gazeti hili liliwahi kuhamisha kurasa zake bila kuacha maelekezo, wasomaji waliokuja kutafuta ushauri wangu kuhusu waume walevi wakatua kwenye tangazo la mashine za kusaga.

Sasa nisikilize. Mtu akimtumia mwenzake anwani, yule wa pili anatakiwa aone kile kile alichoona wa kwanza. Kila ukurasa wa kila lugha uwe na anwani yake, basi. Wewe umetengeneza anwani inayobadilika sura kulingana na nani anabisha hodi, halafu unashangaa mitambo ya kutafuta haiwaoni. Inakuja kukagua, unaikisia lugha kama unavyowakisia wateja, na Kiswahili haijawahi kukutana nacho.

Chukua jina moja, na mkia upewe kila lugha, Kiingereza cha mzee kikiwemo: /sw, /en, /fr. Hapo mama mkwe hana wa kumwita mtoto wa kufikia. Jina tupu liwe ukurasa mfupi wa kuchagua lugha, na mtu achague mwenyewe, usimburute. Bendera za nchi achana nazo, andika jina la lugha kwa lugha yenyewe. Aliye kwenye dabodeka za Kiswahili akibonyeza Kifaransa, atue kwenye dabodeka, asitupwe kwa maharusi. Na zile alama za ndani zinazoiambia mitambo ya kutafuta kwamba kurasa hizi ni kitu kimoja kwa lugha tatu, unazijua vizuri, ulifanya uvivu tu.

Shemeji yako hajasema upuuzi. Jina la peke yake linawafaa wenye watu wa kulihudumia kila siku, maana jina jipya huanza kujulikana tangu mwanzo, kama duka lililofunguliwa jana. Mwulize ni lini ameandika hata sentensi moja ya kuweka kwenye tovuti. Akikohoa, umepata jibu. Jina alilolinunua lisitupwe, lielekeze moja kwa moja kwenye /fr, aliweke kwenye kadi zake aridhike. Anwani zote za zamani uzielekeze kwenye mpya, usije ukawapoteza wateja kama gazeti langu lilivyowapoteza wake wa walevi.

Lakini kabla hujagusa kompyuta, mwambie mkeo. Ameshanusa, huyo. Kisha nenda kwa baba na mama mkwe wakiwa wamekaa pamoja, narudia, pamoja, kwa sababu ugonjwa wako ni kunong'ona na mmoja mmoja. Waambie ulimwonyesha kila mtu alichotaka kuona, na kwa hilo mmepoteza shule nzima. Mzee atafoka. Mama ataacha kukupakulia minofu, na hilo ndilo utakaloliogopa zaidi. Kaa hapo hapo, usijitetee, na useme wazi kwamba kosa ni lako, halikuwa la mtandao. Kuna mafundi wawili watakaorudishwa nyumbani kwa sababu tu wewe hapana inakukwama kooni.

Unaogopa Jumamosi utapoteza mapenzi ya ukweni. Mapenzi gani? Kila mmoja pale anampenda mtu anayekubaliana naye kwa kila jambo, na mtu huyo hayupo. Umeoa kwao, umekula kwao, lakini wewe hawajakuona bado. Nenda ukajitambulishe.