Nilivyomkaba Sista barabarani

Mama Josia, leo nimeaibika! Nimeaibika mimi!

Unajua nilivyomkataza mwanangu Nyamizi kupanda bodaboda ya mtu asiyemjua. Shuleni aende kwa daladala ya haisi, basi. Sasa asubuhi natoka gengeni, namwona mwanangu amepakiwa kwenye pikipiki! Dereva ana helmeti na koti kubwa, wanapita mbio.

Nikarukia boda ya kwanza iliyopita. "Kimbiza ile, kaniibia mtoto!" Salamu Maria nazisali njia nzima.

Tukawazuia pale mtaa wa Somanda. Nikamkaba dereva koti. "Mshushe mwanangu, shetani wewe!" Watu wakajaa.

Akavua helmeti.

Sista Winifrida wa parokiani!! Nimemwita Sista shetani, Mama Josia! Mbele za watu!

Akacheka tu. "Pole, mama. Makonda wamewaacha tena wanafunzi, wanataka abiria wa nauli kamili. Nikampakia asikose mtihani."

Mimi bado nikamgeukia Nyamizi, namgombeza: kwa nini apande bila kuniuliza?

Akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu taratibu, "Mama, huyo aliyekuleta wewe unamjua?"

Nikageuka kumwangalia. Simjui jamani. Na helmeti sikuvaa.