Tundu Katika Hatua ya Nne

Mwalimu wangu Bi Zuhura,

Nina kinyaa, na sina wa kumwambia ila wewe. Mwaka umepita na ushei tangu tukuzike, na katika muda huo nimeona mambo ya kunikirihi hadi nimekinai. Nikianza na ya wengine nitaonekana mwema kuliko nilivyo, kwa hiyo acha niseme mapema: mimi pia nimo. Jina langu limo. Nitafika huko.

Unamkumbuka Bwana Kamati. Wewe ndiye uliyembandika jina hilo, ukisema mkuu wetu wa idara hana hesabu tena, ana kamati tu. Siku ya tatu ya matanga yako alikuja nyumbani kwenu Kuze. Alikula pilau ya hitma sahani mbili, akapangusa vidole ovyo, kisha akamwita dada yako Bi Maryam mlangoni na kumwambia chuo kinaitaka kompyuta yako "kwa usalama wa utafiti." Maskini Bi Maryam, macho yamemvimba, hajui la kukubali wala la kukataa, akampa. Akampa na daftari zako tatu. Moja aliifungua palepale kwa vidole vile, nikaona mafuta ya nyama yakinywewa na ukurasa wako. Mimi nilikuwa nimesimama ngazini na sinia la vikombe, nikaendelea kupanda nalo. Daftari ya nne, ile ya jalada la kijani, hakuipata kwa kuwa ulikwishanipa mimi hospitalini.

Na ni yeye huyo huyo aliyekuwa akiiita kazi yako "michoro ya vitone." Miaka yote ile! Ulisoma ng'ambo ukarudi kumuuguza mama yako, wakakupa wanafunzi wa uhasibu wa mwaka wa kwanza na chumba kisicho na dirisha. Mambo yako ya mitandao ya nasibu uliyafanya nyumbani, ghorofani, kati ya alasiri na magharibi. Siku ya kwanza niliyokuja, binti wa mfanyakazi wa reli aliyetoka bara akahamia Tononoka, naogopa hata kukanyaga jamvi lenu, ulinichorea vitone kumi ukasema hizi ni nyumba. Kwa kila nyumba mbili tunarusha sarafu. Ikiangukia kichwa tunazitilia njia. Ukirusha kwa ubahili, kichwa kikatoka kwa nadra, mji unabaki vipande vipande. Ukiongeza njia chache tu, ghafla karibu mji wote unashikana. Nilikuuliza yafaa nini, ukanijibu kwamba kompyuta nazo hupelekeana habari kupitia njia za namna hiyo, na njia hukatika. Swali lako la maisha lilikuwa moja: njia ngapi zinatosha ili, hata baadhi zikikatika kwa bahati mbaya, habari ipate pa kupita? Ulidai zinatosha chache kuliko walivyodhani wote waliokutangulia. Nilikuamini kabla sijaelewa hata nusu.

Ulikuwa na desturi niliyoicheka mwanzoni. Hukupeleka makala popote kabla hujamsimulia Bi Maryam, ambaye hesabu yake ni ya vibaba vya mchele. Yeye anachambua mchele, wewe unamweleza hatua kwa hatua, bila alama hata moja. Siku moja ulifika hatua ya nne ya uthibitisho wako, ukamwambia kuna njia mbili kati ya nyumba mbili, bahati ya hii kufungwa ni kadhaa, bahati ya ile ni kadhaa, tunazizidisha. Akakuuliza bila kuinua macho: "Zuhura, na hizo ndia mbili zikiwa zote zapita mbele ya mlango wa jirani yetu Mwana Esha? Si akitia turubali la harusi zimefungwa zote pamoja?"

Ulicheka. Kisha ukaacha kucheka. Ulikuwa umezizidisha bahati mbili kana kwamba hazijuani, nazo zinapita kichochoro kimoja. Miaka kumi na moja ya kazi, na tundu lilikuwa hapo muda wote. Hukulia wala hukukasirika. Ulimwambia Bi Maryam ahsante, ukafungua daftari ya kijani ukaandika kwa herufi kubwa: Hatua ya nne haisimami. Isipelekwe.

Hospitalini, figo zimekushinda na mkono umevimba hadi pete imekatwa, uliniambia tena. "Wakesho, kisichosimama kisipelekwe, hata nikiwa sipo." Nikasema ndiyo. Niliisema upesi mno, Mwalimu, kama mtu anayetaka mgonjwa apumzike.

Bwana Kamati aliipeleka kazi hiyo kwenye jarida. Aliitoa kwenye kompyuta yako kama ilivyokuwa kabla ya siku ya mchele, akaweka jina lake mbele, lako la pili, na langu la tatu, kisha akaniita ofisini. Kulikuwa na kazi ya ualimu msaidizi, alisema, na kamati ilikuwa ikifikiria jina langu. Nikamwambia hatua ya nne ina tundu. Alikuwa akichokoa meno. Akakitazama kile alichokitoa, akakila tena, akaniuliza, "Wakesho, nani husoma hatua ya nne?"

Nikatia sahihi. Sitakupamba maneno. Baba alikuwa amestaafu, mimi nilikuwa nimechoka kuitwa msomi asiye na kazi, na nilijidanganya kwamba huenda tundu ni dogo, litazibika baadaye, nitaliziba mwenyewe. Nilijua si dogo. Usiku na mchana nilijinukia uvundo, nikaenda kazini nimepiga pasi.

Kisha wakakufanyia hafla. Ungeiona ungeondoka na mkoba wako! Walitundika bango la uso wako, kubwa kama mlango, na picha waliikata kutoka ile ya Idi mliyopiga wawili, hata bega la Bi Maryam likabaki pembeni bila mwenyewe. Waliokuwa wakipitisha vikao bila kukuita walipanda jukwaani mmoja baada ya mwingine kusema ulikuwa mama yao wa kielimu. Bwana Kamati akalia kilio kikavu, akapangusa macho yasiyo na chozi, akatangaza kwamba nadharia ile itaitwa kwa majina yenu wawili, lake kwanza. Ukumbi ukapiga makofi. Nami nilipiga, Mwalimu, kwa viganja hivi ulivyovifundisha kushika chaki.

Nilipomfuata nje na kumwambia nitasema, alicheka kwa huruma. "Utawaambia watu marehemu alikosea? Umwaibishe kaburini? Au huko kwenu bara maiti hana heshima?" Na hapo, naona haya kukiri, alikaribia kunishinda. Matusi ya bara nimeyazoea tangu shule. Lakini lile la kukuaibisha lilinishika, maana lilikuwa kweli kiasi: kusema ukweli ni kutangaza duniani kwamba kazi kubwa ya maisha yako haikukamilika. Siku mbili nilizunguka nalo, sili.

Siku ya tatu nikaenda Kuze. Bi Maryam alinisikiliza hadi mwisho, kuanzia kompyuta hadi sahihi yangu. Nilitaraji anifukuze. Aliniuliza jambo moja tu.

"Mwenyewe alijua?"

"Alijua, Bi Maryam. Aliandika."

"Basi waambie alijua. Wamfanya mjinga, naye yuko mtangani, kaburini, hawezi kujijibia." Kisha akaongeza, bila kunitazama, "Na wewe ujitaje. Usimtie makosani yule peke yake."

Niliwaandikia wahariri wa jarida jioni hiyo hiyo, nimekaa kwenye jamvi lenu. Niliambatisha ukurasa wa daftari ya kijani. Nilieleza kwamba kosa liligunduliwa na mwandishi mwenyewe baada ya swali la dada yake, na kwamba aliagiza makala yasitoke. Mwisho nikaandika kwamba mimi nilijua hayo yote nikatia sahihi.

Makala yameondolewa, na sababu imechapishwa mahali pake. Bwana Kamati anasema mwanafunzi alimpotosha, na bado ni mkuu, na bado ana kamati. Mimi sina kazi ile tena. Nafundisha watoto wa kidato cha pili masomo ya ziada huko Ganjoni. Wenzetu wa idara wakiniona wanavuka barabara. Mmoja alinitumia ujumbe kwamba nimekutemea mate kaburini. Kinyaa changu hakijaisha, ila sehemu iliyokuwa yangu imepungua kidogo.

Hatua tatu za mwanzo zinasimama, nimezihakiki mara tatu, kila mara kwa karatasi mpya. Zinatoa jibu dogo kuliko ulilolitaka, lakini ni jibu la kweli. Nakuahidi litatoka kwa jina lako peke yako, na Bi Maryam atasimuliwa kwanza. Tundu nitahangaika nalo kadiri ya akili yangu. Nikilishindwa nitaliacha wazi kwa wengine, na sahihi yangu haitalifunika tena.

Buriani, Mwalimu. Mungu akuweke pema. Wanaofanya kazi yetu duniani si wengi, lakini wote sasa wanajua kwamba Zuhura wa Kuze alikosea, na kwamba aliyelisema kosa hilo kabla ya mtu yeyote ni Zuhura wa Kuze.

Mwanafunzi wako,
Wakesho